Kabla ya kumfokea muuguzi wa « urgences »



Kwa ukurasa huu tumezoea kuandika juu ya kazi tulizosomea. Mimi ni mtu wa udongo na mbegu. Nilimaliza lisansi ya agronomia, na siku zangu nyingi ninazipitisha na wakulima wa Kabare na Walungu. Lakini leo ninataka kueleza kazi isiyo yangu: kazi ya muuguzi wa chumba cha dharura, mahali ambapo siye wote hapa Bukavu tunaita « urgences ».

Sababu ni mbili. Ya kwanza, yaya wangu anaifanya hiyo kazi, huu ni mwaka wake wa saba, na kila anaporudi asubuhi kutoka zamu ya usiku ninasikia mambo ambayo hayaandikwi mahali popote. Ya pili, yeye mwenyewe aliniambia kitu kilichoniuma: wenye kumfokea zaidi si mama muuza sambaza wala mtu wa kubeba mizigo. Ni siye wenye diploma. Mama muuza sambaza anakaa kwenye benchi anasubiri. Siye tunauliza: « Unajua mimi ni nani? »

Ninachotaka kuonyesha ni hiki: sehemu kubwa ya hasira ambayo muuguzi wa dharura anapokea kila siku ni juu ya mambo ambayo hayako mikononi mwake. Hapangi bei, hanunui dawa za hospitali, hawashi umeme, hajilipi mshahara. Lakini yeye ndiye mtu wa kwanza tunayemkuta mlangoni, basi yote yanamwangukia. Tukielewa namna kazi inavyoenda, tutajua kelele zetu tuzipeleke wapi. Na siku mzazi wetu ndiye atakuwa amelala pale, tutajua cha kufanya.

1. « Muganga » ni nani?

Kwetu, kila mwenye koti jeupe ni muganga. Daktari ni muganga, muuguzi ni muganga, mtu wa maabara ni muganga, hata kijana mwenye kuuza vidonge kando ya barabara ni muganga. Ni neno la heshima, lakini linaficha tofauti kubwa.

Muuguzi wa A2 amesomea kwenye Institut Technique Médical, kwa kiwango cha sekondari. Wa A1 amefanya miaka 3 ya graduat kwenye ISTM, na wa A0 ameongeza miaka 2 ya lisansi juu yake. Hayo ni ya mfumo wa zamani, mbele ya LMD. Wote hao wanapokea mgonjwa, wanapima joto, mapigo ya moyo, kupumua na presha, wanaweka serumu, wanadunga sindano, wanasafisha vidonda, wanamfuata mgonjwa saa kwa saa. Lakini kuamua operasheni, ao kuamuru dawa fulani nzito, hiyo ni kazi ya daktari.

Sasa, usiku daktari wa zamu anaweza kuwa mmoja kwa hospitali nzima. Saa nane ya usiku yuko kwenye chumba cha operasheni, anamtoa mtoto kwa upasuaji, na hawezi kuacha tumbo la mama wazi. Muuguzi anabaki mbele ya mgonjwa wako. Kwa uzoefu wake anaona tayari kinachohitajika, lakini ruhusa hana. Familia inamwambia: « Muganga, fanya basi kitu! Muko munatuangalia tu! » Akifanya kupita mamlaka yake na mambo yakaharibika, ataitwa kwa maelezo, pengine mpaka mbele ya sheria. Asipofanya, ataitwa mtu asiye na roho. Yaya anasema hapo ndipo mwili unachoka zaidi kuliko kubeba mgonjwa: kujua, na kusubiri.

2. Kwa nini aliyefika nyuma anaingia mbele

« Siye njo tulifika ba kwanza! » Hilo ni neno ambalo muuguzi wa dharura analisikia kila siku ya Mungu.

Kwenye banki, kwenye parokia, kwenye bomba la maji, anayefika wa kwanza anahudumiwa wa kwanza. Kwenye chumba cha dharura haiko vile. Pale wanachagua kwa uzito wa hatari, na jina la kazi hiyo ni « triage ». Neno hilo linatoka kwa kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuchambua, na mbele ya kufika hospitalini lilitumika kwa sufu ya kondoo na kwa kahawa. Wenye kutoka kwenye familia za kahawa wanajua meza za kuchambulia: wamama wanakaa, mikono inapita haraka, punje nzima huku, iliyovunjika kule. Dominique-Jean Larrey, daktari wa upasuaji wa majeshi ya Napoléon, ni kati ya wa kwanza walioweka kanuni kwamba majeruhi watibiwe kwa kufuata ukubwa wa jeraha, bila kuangalia cheo. Askari mdogo mwenye mguu uliokatika alipita mbele ya afisa mwenye mkwaruzo.

Leo hospitali nyingi zinatumia rangi. Kwa mfumo mmoja uliotengenezwa Cape Town, nyekundu ni kuhudumiwa palepale, rangi ya chungwa ni ndani ya dakika 10, njano ni ndani ya saa 1, kijani ni ndani ya saa 4. Ndiyo, saa 4! Mwenye kijani anaweza kukaa pale asubuhi nzima na hakuna mtu aliyemdharau.

Ili kutoa rangi, muuguzi anaangalia mambo ambayo sisi hatuyaoni. Mtu mzima akiwa ametulia anapumua kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5 akifika mara 40 na zaidi, akiwa anakohoa, muuguzi anafikiri juu ya mapafu. Kuna pia jambo linalowashangaza wazazi: mtoto anayelia kwa sauti kubwa si yeye anayemtia muuguzi woga zaidi. Anayelia ana hewa, ana nguvu. Yule aliyelegea kwenye mgongo wa mama, macho nusu wazi, viganja vyeupe kama karatasi, hatoi hata sauti, huyo ndiye anayeitwa mbele. Basi baba wa yule anayelia anapandwa na hasira: « Mutoto yangu eko anakufa na weye uko unaandika tu! » Lakini ile kuandika ndiyo triage yenyewe.

Sitaki kudanganya mtu. Upendeleo uko. Kuna mkubwa anayepiga simu kwa mkubwa mwenzake, na mgonjwa wake wa kijani anavuka benchi lote. Kuna pia wauguzi wanaonyosha mkono chini ya meza. Yaya mwenyewe anawachukia, maana wanawachafulia wenzao jina: wakati anapofanya triage ya haki, watu hawamwamini tena. Wanasema amekula kitu, ao ni juu ya kabila. Kueleza rangi kwa watu ishirini wenye woga, saa ya usiku, huku mikono iko kwenye kidonda cha mwingine, si rahisi.

3. Feza mbele, ao mgonjwa mbele?

Hapa tunafika kwenye kidonda chenyewe.

Hospitali zetu nyingi zinaishi kwa malipo ya wagonjwa. Serikali inatoa kidogo, miradi inakuja na kuondoka. Nchi za Afrika zilikutana Abuja mwezi wa 4 mwaka 2001, zikaahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Congo ilikuwa kati yao, na hatujafika hapo. Basi glavu, serumu, sindano, kipimo cha damu, mafuta ya jenereta, sabuni ya kusafishia sakafu, vyote vinatafutwa kwa mfuko wa yule anayeugua.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Mgonjwa anafika juu ya pikipiki, katikati ya watu wawili. Muuguzi anampokea. Dakika chache nyuma yake inabidi familia ifungue fishi, itoe « caution », inunue dawa zilizoandikwa. Nani anawaambia? Si mkurugenzi. Si mhasibu, maana usiku amelala kwake. Ni muuguzi huyohuyo aliyemshika mgonjwa mkono. Kwa hiyo mdomo uliosema « pole mama » ndio unaosema « muende kwanza kulipa ». Familia inabaki na neno la pili tu: « Banapenda tu feza! »

Kuna kitu ambacho wengi wetu hatukijui. Wakati mgonjwa hana kitu na hali ni mbaya, muuguzi anaweza kuchukua dawa kwenye akiba ya chumba na kuandika jina lake mwenyewe kama mdhamini. Pale yaya anapofanyia kazi, mgonjwa akipona na kutoroka usiku bila kulipa, deni linakatwa kwenye prime ya yule aliyeandika. Imemfikia mara nyingi. Mwezi mmoja alirudi nyumbani na prime iliyobaki haitoshi hata kununua mfuko wa unga, kwa sababu ya watu watatu aliowaokoa.

Na upande mwingine wa hiyo sarafu mbaya unajulikana na kila mtu Congo: mgonjwa aliyepona lakini anazuiliwa hospitalini mpaka deni liishe. Mama aliyejifungua analala wiki kwenye kitanda ambacho mwingine anakihitaji. Anayesimama mlangoni kumzuia ni mlinzi na muuguzi. Aliyeandika hiyo kanuni hayuko pale.

Mimi sisemi kwamba hospitali itibu bure na hewa tu. Ninasema kwamba mtu mmoja hawezi kuwa mtibabu, mkusanya deni na mdhamini kwa usiku mmoja, kisha tumtake awe na uso wa furaha.

4. Mkulima, dawa ya nyanya na chupa ya maji

Niwape mfano niliouona mwenyewe, maana unagusa fani yangu.

Msimu mmoja mkulima wa Kabare, mtu wa ushirika tunaoufuata, alipulizia dawa kwenye nyanya zake. Pampu ilikuwa inavuja kwenye mgongo, hakuwa na kitu mdomoni. Mchana akaanza kutoka jasho jingi, mate yanamwagika, tumbo linamkata, macho yanaona ukungu. Familia ikasema ni karuho, mtu amemlisha sumu kwa sababu ya shamba. Wakampa maziwa, kisha mafuta ya mawese, kisha wakampeleka kwa mtu wa dawa za asili. Waliponipigia simu ilikuwa karibu na jioni. Tukakutana kwenye hospitali moja ya mji.

Muuguzi aliyempokea alimwangalia macho: mboni zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano. Akauliza swali moja tu: « Alishika dawa gani? » Hakuna aliyejua. Dawa ilinunuliwa sokoni kwa kupimwa, ikawekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, bila karatasi, bila jina. Nikampigia mwenye duka, akaenda kusoma chupa kubwa: profenofosi pamoja na sipermetrini.

Kwa mtu wa agronomia majina hayo yanasema kitu. Profenofosi ni ya kundi la organofosfati. Sumu za kundi hilo zinazuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mishipa ya fahamu. Ujumbe unabaki umewaka, na mwili unatoa maji kila mahali, hata ndani ya mapafu. Mtu anaweza kuzama katika maji ya mwili wake mwenyewe. Dawa ya kupinga hali hiyo ni atropini, na haipewi mara moja tu. Inarudiwa kila baada ya dakika chache mpaka kifua kikauke. Mgonjwa mmoja anaweza kumaliza ampuli nyingi kupita akiba ya chumba.

Na ndivyo ilivyokuwa. Daktari aliamuru, ampuli za pale zikaisha, ndugu zake wakatumwa kuzunguka mafarmasia ya mji wakati mengi yamefunga. Muuguzi alivaa glavu, akamvua nguo zote zilizolowa dawa, akamwosha kwa sabuni na maji, maana sumu ilikuwa bado inaingia kwa ngozi. Kila dakika tano anaweka mkono kwenye mapigo, anasikiliza kifua, anavuta mate. Wakati huo nyuma yake bwana mmoja mwenye koti na kidonda cha kidole alikuwa anasema kwa sauti kubwa kwamba wauguzi wa siku hizi hawana adabu, na kwamba ataandika kwa wizara.

Mkulima alipona. Alilala siku nne na akarudi kwake. Lakini mnione vizuri: ile kazi ilikuwa ngumu mara mbili kwa sababu ya chupa isiyo na jina na kwa sababu ya masaa yaliyopotea njiani. Hayo si makosa ya hospitali. Yametoka huku kwetu, kwenye soko na kwenye shamba.

5. Umeme, oksijeni, damu

Bukavu iko kando ya mto Ruzizi, wenye vituo vya umeme ambavyo vinagawia hata Rwanda na Burundi. Na bado mataa yanazima. Kwa nyumba yako, ukikosa umeme unawasha simu. Kwa chumba cha dharura, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani inakaa kimya, na mtoto aliyekuwa anavuta kwa shida anaanza kuwa na midomo ya bluu. Muuguzi anakimbia kutafuta chupa ya oksijeni, anamtuma mtu wa jenereta, anarudi, anaanza kupuliza kwa mkono na puto. Jenereta inahitaji mafuta, mafuta yanahitaji feza, na tumerudi kwenye sura ya tatu.

Damu nayo ni vilevile. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya karibu mililita 800 tu mwilini mwake. Malaria kali ikivunja sehemu kubwa ya hiyo, hakuna kidonge kitakachosaidia kwa haraka. Anahitaji kuongezewa damu leo. Mfuko wa damu ukihifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 6 unadumu siku 35, na mbele ya kutumika lazima upimwe HIV, hepatiti B na C, na kaswende. Kwa hiyo hata ndugu akikubali kutoa sasa hivi, kuna muda wa maabara. Muuguzi anawageukia wajomba na wababa wadogo waliojaa mlangoni, anauliza nani atatoa. Ghafla mlango unabaki wazi. Mmoja ameenda kupokea simu, mwingine amekumbuka watoto. Wale ambao dakika tano nyuma walikuwa wanapiga kelele kwamba mtoto anaachwa kufa!

6. Mshahara wa nani?

Ukiambiwa mtu ni muuguzi wa serikali, usifikiri ana mshahara. Kuna wenye matrikuli wanaopata mshahara na prime de risque. Kuna wanaopata kimoja tu. Na kuna wale wanaoitwa « N.U. », nouvelles unités, wanaofanya kazi miaka na jina halijaingia kwenye orodha ya malipo. Hao wanaishi kwa prime ya hospitali, inayotoka kwenye malipo ya wagonjwa. Wagonjwa wakikosa kulipa, prime inashuka. Mwaka 2025 banki za Bukavu zilipofunga, hata aliyekuwa na mshahara alipaswa kuutafuta mbali.

Chini yao kuna vijana kama siye: waliomaliza ISTM, wanaofanya stage isiyoisha, miezi na miezi, bila kitu, wakitumaini kwamba siku moja nafasi itapatikana. Ndiyo ajabu ya nchi yetu. Chumba cha dharura kina wauguzi wawili usiku na wagonjwa wanalala chini, na huko nje wauguzi wenye diploma wanauza kredi za simu.

Halafu kuna mwili. Zamu ya usiku inaanza jioni na kwisha asubuhi, lakini haiishi kama mwenzako hajafika. Yaya anafika nyumbani, anakuta watoto wanataka kwenda shule, maji hayajatoka, na majirani wanasubiri mlangoni awapime presha, juu yeye ni muganga. Usiku ule amefunga macho ya mtu wa miaka 20 aliyegongwa na lori, akamwambia mama yake, akaosha mikono, akaenda kitanda kinachofuata na kusema « habari ya asubuhi ». Hakuna mtu aliyemwuliza yeye habari yake. Siku moja nilimwuliza anafanya aje ili asivunjike. Akanijibu: « Mudogo yangu, ninakunjaka mashuka. Mtu akikufa, ninakunja mashuka yote ya kabati, moja moja, kisha ninaendelea. »

7. Tufanye nini, siye wasomi?

Kwanza, tujue kufika. Mambo haya ni madogo lakini yanaokoa dakika:

– Mtu mmoja aseme kwa niaba ya familia, na mmoja tu abaki kama garde-malade. Watu kumi kuzunguka kitanda wanazuia mikono.
– Useme ukweli: ilianza saa ngapi, alikunywa dawa gani, hata ile ya asili. Muuguzi hakuulizi ili akuhukumu.
– Uchukue dawa ao chupa yake. Kama ni sumu ya shamba, mvue nguo zenye dawa, mwoshe kwa sabuni, mpeleke haraka. Usimlazimishe kutapika, usimpe maziwa wala mafuta, maana vinaweza kuingia kwenye mapafu.
– Ukiona mgonjwa wako amebadilika wakati wa kusubiri, anapumua vibaya ao hajibu tena, sema mara moja. Rangi ya triage inaweza kubadilika.
– Ujue kundi lako la damu, na uwe tayari. Kwa kawaida mwanaume mzima anaweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Mfuko mmoja ni karibu mililita 450, na mtu mzima ana karibu litri 5.

Pili, feza tuitafute mbele ya ugonjwa. Wamama wa vijijini wametupita hapo. Katika vikundi vyao vya AVEC, pamoja na akiba ya kukopeshana, kuna sanduku la mshikamano, ambapo kila mmoja anatia kidogo kila wiki, na mwenye shida anasaidiwa bila riba. Kuna pia mutuelles de santé. Chama chetu kina wanamemba wengi wenye diploma, na bado mmoja wetu akilazwa tunaanza kupitisha kofia kwenye WhatsApp saa tano ya usiku. Kwa nini tusiwe na sanduku letu? « Caution » ya kwanza ikilipwa mara moja, muuguzi anabaki na kazi moja tu, ya kutibu.

Tatu, kila mtu na fani yake. Wenye sheria watusaidie juu ya kuzuilia wagonjwa na juu ya deni linalokatwa kwa muuguzi: hilo ni la haki kweli? Wenye umeme wafikirie sahani za jua kwa mashine ya oksijeni. Wenye hesabu waonyeshe namna hospitali inaweza kuweka mtu wa malipo hata usiku. Siye wa agronomia tupigane na dawa za kupimwa kwenye chupa za maji, tufundishe wakulima kuvaa, kusoma karatasi, na kutunza chupa yenye jina.

Nne, kelele zetu tuzipeleke panapostahili. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 kinasema kwamba haki ya afya na ya usalama wa chakula inahakikishwa. Nilipokisoma mara ya kwanza nilishangaa kwamba kazi ya yaya na kazi yangu zimewekwa kwenye sentensi moja. Swali la kwa nini hakuna atropini, kwa nini muuguzi ni N.U. tangu miaka, tuwaulize wabunge, wizara na mabaraza ya hospitali, kwa barua yenye majina yetu. Tusimwulize mama aliyesimama tangu jana jioni na ambaye mgonjwa wetu anamtegemea saa hii.

Wauguzi walio katika chama chetu, ninaomba mniongezee na mnisahihishe pale chini. Na wengine, juu ya sanduku la mshikamano: nani yuko tayari kuanza? Tuanze na kiasi gani kwa wiki?